Tusiidharau baiskeli ya gia moja

Kuna vitu ambavyo jamii huvitupa si kwa sababu vimeshindwa kazi, bali kwa sababu vimepakwa jina la ufukara. Baiskeli ya gia moja ni mojawapo. Kwa miongo mingi baiskeli hiyo nyeusi, nzito, yenye karia nyuma na kengele kwenye usukani, ilikuwa fahari ya mwalimu, karani, mhubiri na mchuuzi kote Afrika Mashariki. Aliyekuwa nayo alijulikana kijiji kizima, na aliyeazimwa alishukuru. Leo mwanafunzi akinunuliwa baiskeli kama hiyo huona haya kuifikisha langoni mwa shule. Anachokitaka ni baiskeli ya milima yenye gia 18 au 21, nyaya zinazopishana mbele na rangi zinazomeremeta. Wahenga walituachia onyo linalomfaa yeye na mzazi wake: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Katika makala haya nakusudia kuitetea baiskeli ya gia moja. Sitaitetea kwa hoja kwamba bei yake ni nafuu, maana utetezi wa namna hiyo ni dharau nyingine iliyovaa kanzu. Naitetea kwa kuwa ni chombo kizuri, kinachompa mpandaji raha na uwezo, na kwa kuwa tunapoidharau, wanaoumia ni watoto wanaokwenda shule kwa miguu.

Mfano wangu natoa pwani ya kusini ya Kenya, hususan kisiwa cha Funzi na vijiji vinavyokielekea, kwa sababu huko ndiko hoja hii inakoonekana waziwazi. Funzi ni kisiwa kidogo katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Msambweni, karibu na mahali ambapo Mto Ramisi huingia baharini katikati ya mikoko. Wenyeji wake ni wavuvi kwa jadi, na lahaja yao, Chifundi, ni miongoni mwa lahaja za Kiswahili zilizoshughulikiwa na wanaisimu tangu zamani, H. E. Lambert alichapisha kitabu juu yake mwaka wa 1958. Lahaja hiyo ndiyo iliyonipeleka huko. Lakini mtafiti wa lugha hawezi kukaa na watu akasikiliza maneno tu, asitazame vitu vinavyotajwa na maneno hayo. Atokaye kisiwani huvuka kwa mashua hadi Bodo, bara, na kutoka Bodo hushika njia ya vumbi mpaka barabara kuu iendayo Lungalunga, mpakani. Katika njia kama hizo ndipo thamani ya baiskeli hujulikana.

Upande huu wa Kwale hauna milima ya kutisha. Ugumu wake ni wa aina nyingine. Wakati wa kiangazi mchanga hulegea, na gurudumu jembamba hudidimia. Masika ikifika, mahali palepale huwa tope linalonata kwenye mnyororo. Fauka ya hayo kuna adui wa mwaka mzima, naye ni chumvi. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, huibeba chumvi hiyo na kuitua juu ya kila chuma. Na baiskeli iliyovushwa kwa mashua, hata ikifunikwa vipi, haikosi rasharasha. Chuma kisichopakwa mafuta mara kwa mara huliwa na kutu upesi.

Sasa tuitazame baiskeli ya gia nyingi katika mazingira hayo. Ili mnyororo uhame kutoka duara moja la meno hadi jingine, panahitajika kidude chenye springi na vigurudumu viwili vidogo, kinachoning'inia chini ya ekseli ya nyuma, karibu kabisa na ardhi, kikivutwa na waya unaopita ndani ya ala ya plastiki. Waya huo ukishika kutu ndani ya ala, huvutika lakini haurudi. Springi ikiingiwa na mchanga hulegea. Kidude chenyewe kikigongwa na kisiki au na ubavu wa mashua hupinda, na kikipinda kwa upana wa ukucha tu, mnyororo huanza kurukaruka kati ya meno, na mara nyingine huingia kati ya spoku na kuzikata. Mpandaji aliyelipia gia 21 hubaki na moja au mbili zinazofanya kazi, nazo hazikuchaguliwa na yeye.

Hapo ndipo fundi wa kijijini hutoa hukumu. Hahitaji vifaa vingi: spana mbili, nyundo, na msumari wa kusukumia pini ya mnyororo. Hukikata na kukitupa kile kidude, huzing'oa nyaya zote za gia, huchagua duara la kati mbele na duara moja nyuma linalolingana nalo, kisha huufupisha mnyororo mpaka ukae sawasawa. Baiskeli iliyotoka ng'ambo ikiwa na gia 21, ikaingia nchini kama mtumba, huanza maisha yake ya pili ikiwa na gia moja. Na ajabu ni kwamba ikisha kufanyiwa hivyo huwa bora kwa njia zetu kuliko ilivyokuwa, na kwa upande mmoja ni bora hata kuliko ile nyeusi ya zamani, kwa kuwa tairi zake pana hazidididimii mchangani kwa wepesi.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni dawa ya maskini, na kwamba mwenye fedha angenunua kidude kipya. Ningependa watu hao wajue kwamba huko Marekani na Ulaya kuna maelfu ya wapandaji wenye fedha zao ambao hununua baiskeli ya milima iliyotengenezwa makusudi kuwa na gia moja, au huivua gia baiskeli nzima isiyo na kasoro, wakafanya kwa hiari lile ambalo fundi wetu hulifanya kwa dharura. Wana hata mashindano yao ya dunia. Isitoshe, baiskeli ya milima yenyewe ilianza hivyo. Katika miaka ya 1970 vijana wa kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nyingi zikiwa za gia moja na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano ya kwanza ya mteremko uliopewa jina la Repack, kwa sababu breki hizo zilipata moto kiasi cha kuiunguza grisi, na kila baada ya safari ilibidi zifunguliwe na kujazwa upya. Gia nyingi zilizoea kwenye baiskeli hizo baadaye, ili watu waweze kupanda mlima bila kusukuma. Miaka 20 baada ya siku hiyo, mwaka wa 1996, mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya Atlanta. Kwa hiyo kijana anayedhani kwamba baiskeli ya gia moja ni ya mashamba na ya gia nyingi ndiyo ya ustaarabu, hana habari ya asili ya kile anachokitamani.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa faida ya wanafunzi. Tuchukue baiskeli nyeusi ambayo duara lake la mbele lina meno 44 na la nyuma meno 18. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka takriban mara mbili na nusu. Gurudumu la inchi 28 hupita kama mita 2.2 kwa kila mzunguko, hivyo kila mzunguko wa pedali humpeleka mtu kama mita 5.4. Akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, mwendo wake ni kilomita 19 hivi kwa saa. Sasa tuchukue ile ya milima iliyofupishwa mnyororo, yenye meno 32 mbele na 16 nyuma, na gurudumu la inchi 26. Hapa kila mzunguko wa pedali ni mita 4 na kitu, na mwendo ni kama kilomita 15 kwa saa. Hiyo ya pili ni nyepesi zaidi kwa miguu, inamfaa mtoto na inafaa mchangani. Mtu mzima mwenye haraka katika barabara ya lami ataipenda ya kwanza. Mtoto anayetembea huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Kiasi cha muda anachookoa, hata tukipunguza mwendo kwa ajili ya mchanga na tope, nawaachia walimu wa hisabati wakifanye kuwa zoezi la darasani.

Na zile gia 21 je? Mwanafunzi azihesabu vizuri. Ni maduara matatu mbele na saba nyuma, na hesabu ya kuzidisha hutoa 21. Lakini nyingi kati yake hurudiana. Meno 38 mbele kwa 22 nyuma ni karibu sawa na 28 kwa 16. Muuzaji huhesabu 21, miguu huhisi chache zaidi.

Hata hivyo mvuto wa gia moja hauko katika hesabu. Uko katika jinsi inavyomfanya mtu apande. Mwenye gia nyingi hukutana na mlima kisha akaishughulisha mashine. Mwenye gia moja hana mashine ya kushughulisha, kwa hivyo humbidi aanze kuusoma mlima kabla hajaufikia. Huona mchanga uliolegea hatua 50 mbele yake, akaongeza mwendo pakiwa bado pagumu ili mwendo huo umvushe. Hujua ni upande gani wa njia uliokanyagwa na wengi ukashikana. Hujua saa ambayo upepo humgeukia, akapanga safari yake kwa saa hiyo. Wapandaji hutania kwamba baiskeli ya gia moja ina gia tatu: kukaa, kusimama na kushuka. Ni utani wenye ukweli. Katika tambarare mtu hukaa; penye mwinuko husimama juu ya pedali na kuutumia uzito wa mwili wake; na panaposhinda hushuka na kukokota, wala kushuka hakumvunjii heshima.

Watu wa Funzi hawahitaji kufundishwa jambo hilo, kwa sababu bahari imekwisha kuwafundisha. Nahodha wa chombo cha tanga habadilishi upepo. Hujibadilisha yeye, akageuza tanga, akashika usukani, akangoja maji. Baiskeli ya gia moja ni ya ukoo huo. Humtaka mpandaji awe na subira, apime nguvu zake, na azitumie mahali pake. Mnyororo wake ulionyooka hauna kelele. Mtu husikia tairi juu ya ardhi, ndege mikokoni na salamu za watu, naye huzijibu bila ya kutazama nyaya. Wala si kwa bahati kwamba lugha yetu imelitumia neno gia kwa maana isiyo ya sifa. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka wa 2015 ulivuma msemo wa kubadili gia angani, na waliousikia hawakuhitaji kamusi kuelewa kwamba kuna mtu aliyekuwa akisema hili na sasa anasema lile.

Nimegusa lugha, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu, naomba msomaji anivumilie nilifafanue jambo moja ambalo naliona kuwa kiini cha hoja hii. Chukua baiskeli ya gia moja, uikague mbele ya mtoto wa darasa la nne wa Bodo au Msambweni, umwulize majina ya sehemu zake. Atakutajia usukani, kengele, kiti, pedali, mnyororo, breki, tairi, tyubu, rimu, spoku, karia, gololi, ekseli, pampu. Baadhi ya maneno hayo yalikuwako kabla ya baiskeli kuja. Usukani ni neno la vyombo vya baharini, lenye asili ya Kiarabu, lililokuwa likitaja kile kinachoongoza jahazi. Wahenga waliposema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani hawakuwa wakifikiria magurudumu. Kengele na mnyororo navyo vilikuwa na kazi zao. Maneno mengine yalitoka katika Kiingereza, yakavishwa irabu, yakaingia katika ngeli, yakawa yetu. Hakuna sehemu ya baiskeli hiyo ambayo mtoto huyo ataitaja kwa kuionyesha kidole tu.

Sasa mwonyeshe kile kidude kinachoning'inia nyuma ya baiskeli ya gia nyingi. Atasema, "Hii ni gia." Mwonyeshe kishikizo kwenye usukani: nacho ni gia. Mwonyeshe waya: ni wa gia. Maduara ya meno: ni gia. Neno moja limebebeshwa mzigo wa vitu vinne au vitano, na hii ni dalili kwamba hakuna mtu kijijini ambaye kazi yake humlazimu kuvitofautisha. Mimi mwenyewe, nikiandika makala haya, nimekiita kidude kwa kuwa sikupata neno ambalo msomaji angelielewa bila maelezo.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili hakiwezi kutaja vitu vipya, maana kinaweza, na kimefanya hivyo tangu zama za majahazi. Wala sisemi kwamba jina huzaa fundi. Mambo huenda kinyume chake: kazi ndiyo huzaa jina. Mafundi wa simu wa Ukunda hawakungoja kamati yoyote iwapangie istilahi. Walianza kufungua simu, na maneno yakaja: betri, chaji, laini, kioo. Ninalosema ni kwamba jina ni alama. Kifaa ambacho sehemu zake zote zina majina vinywani mwa watoto ni kifaa ambacho jamii imekimiliki: inajua kinavyofanya kazi, kinavyoharibika na kinavyoponywa. Kifaa ambacho sehemu zake hazina majina ni mgeni bado, na mgeni akiugua nyumbani kwako usiku hujui umpe dawa gani. Tunapomnunulia mtoto chombo cha safari tusiulize kimeandikwa gia ngapi. Tuulize ni sehemu ngapi kati ya zake ambazo fundi wa kijiji chake anazitaja kwa majina.

Haki inanitaka niwasikilize wapinzani pia. Gia hazikubuniwa na wajinga. Kaunti ya Kwale si tambarare tupu. Atokaye pwani akapanda kwenda Kwale mjini na Shimba Hills atazitamani, na mgonjwa wa magoti au mbebaji wa magunia atazitamani zaidi. Hata ukaidi dhidi ya gia una historia ya kuchekesha. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France, alikataza kwa miaka mingi washindani wasitumie vifaa vya kuhamisha mnyororo, akiamini kwamba mshindi apatikane kwa nguvu za misuli. Viliruhusiwa mwaka wa 1937, baada ya yeye kuondoka katika uongozi. Mimi si mfuasi wake. Anayeshindana milimani na atumie gia zote anazozitaka. Hoja yangu ni ya yule ambaye hashindani na mtu, bali na kengele ya shule.

Na juu ya huyo tuna ushahidi usiotegemea mapenzi yangu. Shirika la World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka wa 2005 na F. K. Day, ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya Chicago inayojulikana duniani kwa kutengeneza gia za baiskeli. Msomaji atafakari: mtu ambaye biashara yake ni gia alipotaka kuunda baiskeli ya vijiji vya Afrika, hakuitia hata gia moja ya ziada. Baiskeli hiyo, Buffalo, ambayo huunganishwa pia Kisumu, iliundwa ikiwa na gia moja, fremu ya chuma kizito, karia imara, na breki iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, mahali pasipofikiwa na tope. Miaka ya karibuni wameongeza aina nyingine yenye gia mbili, lakini hata hiyo haina waya wala kidude cha kuning'inia. Mpandaji huhamisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Yaani hata walipokubali kwamba mlima upo, hawakukubali kukiachia kitu dhaifu kining'inie njiani.

Nchini Zambia watafiti walifuatilia wasichana wa shule waliopewa baiskeli hizo za gia moja, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Muda wa safari ya kwenda shule ulipungua kwa takriban theluthi moja, na siku za kukosa masomo zilipungua kwa zaidi ya robo. Katika jimbo la Bihar, India, serikali ilianza mwaka wa 2006 kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa rupia 2,000 wanunue baiskeli. Uchunguzi wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, uliochapishwa mwaka wa 2017, ulionyesha kwamba idadi ya wasichana walioingia shule za sekondari kwa umri unaostahili iliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Baiskeli ya kawaida ya kijiji cha India ni ileile nyeusi tunayoijua sisi kwa majina ya Hero, Avon na Atlas. Wasichana wa Bihar hawakungoja gia 21 ili wapate elimu.

Hapa kwetu tumekwenda njia nyingine. Tumeiachia pikipiki kazi yote. Hata jina tumelihamisha: neno boda boda lilizaliwa na waendesha baiskeli wa Busia, waliokuwa wakivusha abiria baina ya Kenya na Uganda, nalo linatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Leo ukilitamka kwa kijana wa Ukunda hawazii pedali hata kidogo. Sina ugomvi na pikipiki. Humfikisha mgonjwa hospitali ya Msambweni usiku wa manane, na huwapa vijana wengi riziki. Lakini nauli ya pikipiki hulipwa kila siku, asubuhi na jioni, na mzazi ambaye mapato yake yanategemea bahari hana samaki wa kila siku. Siku bahari ikichafuka, mtoto hutembea au hubaki nyumbani. Baiskeli hulipiwa mara moja, na haiulizi kama baba amevua.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache. La kwanza nalielekeza kwa wale wenye mamlaka ya kununua, yaani kamati za hazina ya maeneo bunge, serikali ya kaunti, wafadhili na bodi za shule. Mkitaka kuwasaidia wanafunzi kwa baiskeli, nunueni za gia moja, zenye tairi pana za kufaa mchanga, na fremu iliyoinamishwa katikati ili msichana mwenye buibui au sketi ndefu apande bila taabu. Na msinunue baiskeli bila kutenga fungu la vipuri na la kumwezesha fundi aliye karibu na shule. Baiskeli 50 zisizo na fundi ni vyuma chakavu vinavyongoja mwaka.

La pili ni kwa walimu wenzangu. Baiskeli ya gia moja ni maabara ambayo shule nyingi za kutwa tayari zinayo, imeegemezwa ukutani. Mwalimu wa fizikia atapata humo nyenzo, msuguano na uwiano wa mizunguko. Mwalimu wa Kiswahili atapata somo zima la ukopaji wa maneno, la ngeli na la uundaji wa istilahi. Wapeni wanafunzi kazi ya kumwendea fundi, waandike kila neno analolitumia na kila kitenzi cha kazi yake: kukaza, kulegeza, kunyoosha rimu, kuziba pancha, kupaka grisi. Watarudi na msamiati ambao haumo katika vitabu vyao vya kiada, na pengine watarudi wakijua kuziba pancha. Vilevile mwalimu akija shuleni mwenyewe kwa baiskeli kama hiyo, haya ya wanafunzi itaondoka bila hotuba.

La tatu ni kwa wanafunzi. Nanyi mliozoea kupima heshima ya chombo kwa wingi wa vishikizo vyake, mwulizeni fundi ni baiskeli zipi zinazorudi kwake kila wiki, na ni zipi anazoziona mara mbili kwa mwaka. Mkisha kusikia jibu lake, mtachagua wenyewe. Na ikiwa tayari mna ile ya milima iliyokwisha kushindwa na chumvi, iliyotupwa nyuma ya nyumba, msiihesabu kuwa imekufa. Ipelekeni chini ya mwembe, ikatwe mnyororo.

Wazee wa pwani walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni huu mweusi wenye kengele, ambao kila kiungo chake kina jina katika lugha yetu. Kaunti nzima ina mafundi wa kuutunza na watoto wa kuupanda. Kinachokosekana ni sisi watu wazima kuacha kuuita alama ya umaskini mbele ya watoto hao, na kuanza kuuweka katika bajeti ya shule pamoja na vitabu na madawati.